Bantay wa Kitanda Kumi na Nne

Ndugu Leoncio Gumalo, ambaye hakuna mtu hapa anayemwita hivyo isipokuwa mashine ya mahudhurio, alistaafu Ijumaa tarehe 14 Juni 2024, siku aliyotimiza umri wa miaka sitini na mitano, baada ya kuitumikia Hospitali ya Wilaya ya Santa Lorena kwa miaka thelathini na saba. Au thelathini na mmoja. Ofisi ya utumishi inasema thelathini na mmoja, yeye mwenyewe anasema thelathini na saba na ushee, na mama yake mzazi anasema mwanawe hajawahi kuajiriwa hata siku moja, yuko hospitali anamuuguza yeye. Neno “alistaafu” nalo nimeliandika kwa wasiwasi, na sababu yake mtaiona mbele.

Mimi ni Erlinda Tabuga wa dirisha la dawa. Wenzangu walinichagua niandike wasifu huu kwa kuwa nina mwandiko mzuri, jambo ambalo mpaka sasa sijalielewa, maana wasifu unachapwa. Ulitakiwa usomwe siku ile saa nne asubuhi ukumbini, Manong Lencio, yaani kaka mkubwa Lencio kama tunavyomwita sote, akiwa amekaa kiti cha mbele na shati jeupe la sherehe. Haukusomwa, na kiti cha mbele kilikaa kitupu mpaka paka wa jikoni akakalia. Ndiyo maana unatoka kwenye jarida letu la wafanyakazi badala yake, na nimeongeza mambo ya siku ile kama nilivyoyaona. Pale nisipoelewa nimesema sielewi.

Alifika hapa Agosti 1986, kijana mkata miwa kutoka vilima vya juu, amembeba mama yake, Rufina, mgongoni. Mama alikuwa na ugonjwa wa kidole tumbo, akapasuliwa, akalazwa kitanda kumi na nne. Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na bantay, ndugu wa kumpepea, kumkimbilia dawa, kulala chini ya kitanda chake na kuzunguka na karatasi zake. Na sheria ya bantay imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa getini tangu enzi hizo: mgonjwa mmoja, bantay mmoja, bantay hutoka na mgonjwa wake.

Rufina aliruhusiwa asubuhi. Wote tuliolazwa au kulaza tunajua kwamba kuruhusiwa ni neno la daktari, kutoka ni jambo jingine kabisa, na katikati yake kuna maabara, keshia, dawa, shuka na mtu mmoja ambaye ameenda kula. Lencio akaanza kuzunguka madirisha. Mvua ilikuwa inanyesha tangu usiku, mto unapanda, mbele ya hospitali maji yamefika magotini. Lori la kiwanda cha sukari lililokuwa likipanda vilimani likasimama nyuma ya jiko, majirani wa vilimani waliokuwamo wakamtoa Rufina haraka haraka kupitia mlango wa jikoni. Waliokaa mbele walidhani Lencio yuko nyuma. Wa nyuma walidhani yuko mbele. Alipomaliza sahihi zake akarudi wodini, kitanda kilikuwa cheupe kimetandikwa.

Akashuka getini mbio. Mlinzi wa wakati ule akamzuia.

“Mgonjwa wako yuko wapi?”

“Ameshaondoka.”

“Hapa hajapita.”

“Kapitia jikoni, Manong.”

“Jikoni hapatoki wagonjwa, panatoka sufuria. Bantay anatoka na mgonjwa wake. Rudi ukamlete.”

Basi akarudi, sijui akamlete nani. Jioni daraja likafunikwa na maji. Alikuwa ameketi kando ya kitanda kumi na nne, ambacho tayari kilikuwa na mzee mwingine asiye na ndugu, ndipo akapita muuguzi mkuu wa zamani, marehemu Madamu Escarilla.

“We Toto, ni wa nani hapa?”

“Wa kitanda kumi na nne, Madamu.”

“Huyu mzee kumbe ana mtu! Haya, usikae hapo kama nguzo, shika machela.”

Akashika machela, na hakuiachia mpaka juzi.

Wauguzi walidhani ameletwa na ofisi. Ofisi ilidhani ameletwa na wauguzi. Watu wa jikoni walidhani ni mgonjwa aliyepona akakosa nauli, wakawa wanamlisha. Mto uliposhuka, na mlinzi naye akidhani ni mfanyakazi, akaenda nyumbani kumwona mama yake, akamkuta amesimama mlangoni, mkono kwenye kidonda.

“Umeruhusiwa?” mama akauliza.

“Bado kidogo, Nay. Kuna mzee mmoja hana wa kumsukuma.”

Akarudi kwa ajili ya mzee mmoja. Baada ya mzee akawepo mama mmoja mjamzito, na baada ya mama mjamzito, sisi sote. Kila siku ya mapumziko alipanda vilimani, na kila alipofika mama alimuuliza swali lile lile, naye akajibu jibu lile lile. Mwaka 1993 mganga mkuu mpya aliuliza huyu ni nani na analipwa na nani, watu wakatazamana, na ili kuondoa aibu wakamwajiri.

Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kusukuma wagonjwa. Alikuwa hodari, lakini sitasema hakukosea, kwa sababu wanaomjua watasoma hapa na kucheka. Watu wa vilima vya juu majina yao ya ukoo yote huanza na herufi moja, tangu enzi za Wahispania, na siku moja alimpeleka Bwana Gumapas kupigwa picha ya mguu wakati mwenye mguu uliovunjika alikuwa Bwana Gumabon. Gumapas alikuja kung’olewa jino. Alilala juu ya meza akatii yote aliyoambiwa, na alipoulizwa baadaye kwa nini hakusema, alijibu kwamba amesubiri tangu alfajiri na hakutaka kupoteza zamu. Mguu wake ulionekana ni mzima kabisa.

Alikuwa na upendeleo pia. Mtu wa vilimani akija, Manong alijifanya haoni foleni. Na aliimba. Mwenye kuugua hana pa kukimbilia, hivyo alisikilizwa.

Lakini foleni ya ndala ni yake, na hilo atakumbukwa nalo. Zamani watu wa kuonana na daktari walisimama tangu gizani mbele ya mlango, wazee wakianguka. Manong akawaambia wavue ndala, ndala zisimame foleni, wenyewe waende wakakae kivulini. Ndala ya mbele ikiondoka, wote wanasogeza. Mkaguzi kutoka mkoani alipofika akakuta ndala mia zimepangwa sakafuni na hakuna mtu, akauliza kwa sauti ya chini watu hawa walipatwa na nini. Mwaka mmoja mbwa alichukua ndala ya saba na kukimbia nayo sokoni, ukazuka ugomvi mkubwa, kwani mwenye ndala alidai zamu yake imechukuliwa na mbwa, na wa nane alisema basi mbwa ndiye aonane na daktari. Manong aliamua kwamba mguu mtupu wa yule bwana usimame badala ya ndala, nao ukasimama.

Kuna jambo lake moja ambalo sikulipenda. Mgonjwa aliyeruhusiwa asubuhi na bado amekaa kitandani na kikapu chake magotini mchana kutwa, akiuliza bado muda gani, Manong alimwambia, “Bado kidogo tu.” Kwa wote, na sikuzote. Mwalimu mmoja mstaafu, mama mkali, alimshika mkono siku moja.

“Hicho kidogo chako kina urefu gani, Toto?”

“Ni kidogo cha hapa, Titser, si cha nyumbani.”

Mwalimu alicheka mpaka mishono ikamuuma. Mimi nilikasirika, kwa sababu lile halikuwa jibu. Nimelifikiria tena mwezi huu na bado sijui kama lilikuwa uongo au huruma.

Na alikuwa na neno la getini. Kwetu mgonjwa anayetoka haambiwi “karibu tena” wala “tutaonana”, ni mkosi. Manong alimsukuma kila mmoja kwa kiti cha magurudumu mpaka barabarani, akamsaidia kupanda, akampiga begani na kumwambia, “Haya nenda, nisikuone tena.” Kisha aligeuza kiti na kurudi nacho ndani. Wapo waliovuka vilima kumletea kuku kwa sababu ya sentensi hiyo tu.

Sasa siku yenyewe.

Wiki tatu kabla, Lola Rufina, yaani bibi Rufina, mama yake Manong, alilazwa tena kwetu, safari hii wodi ya wanawake, kitanda cha tisa. Ana miaka themanini na minane. Daktari Palmada, mkuu wa kitengo cha dharura, hakumzungusha Manong. Alimwambia moyo wa mama umechoka, maji yanarudi mapafuni, hatuna kitu kingine cha kumpa. Ampeleke nyumbani akae na anavyovipenda, maana siku hazitakuwa nyingi. Ijumaa asubuhi Lola akaruhusiwa. Siku hiyo hiyo redio ilitangaza dhoruba itaingia usiku, na sote tunajua lile daraja. Gari la mwisho la abiria la kwenda vilimani lilikuwa linaondoka saa tisa alasiri. Lola asipopanda lile, alikuwa wa kufia kitanda cha tisa, na alikuwa amekwisha kumwambia kila aliyempima mapigo kwamba anataka kulala kwenye mkeka wake.

Kwa hiyo karatasi mbili zilikuwa zinazunguka hospitali kwa wakati mmoja. Moja ya Lola, ya kutoka. Moja ya Manong, ya kustaafu, ile inayopita idara zote kupata sahihi kwamba hudaiwi shuka, ufagio wala ufunguo. Ya Manong ilianza kuzunguka mwezi mzima kabla. Na zamu yake ya mwisho ilikuwa inaisha saa kumi na moja jioni.

Hapo ndipo tambi zinapoingia.

Kwetu mtu hawezi kusherehekea siku ya kuzaliwa bila kula tambi ndefu. Kuzikosa ni kujikatia umri. Lakini tambi haziruhusiwi kupita mlango wa dharura, kwa kuwa zikipita wagonjwa huja mfululizo kama zenyewe, bila mwisho. Sasa mtu anayestaafu siku aliyozaliwa, naye anafanya kazi dharura, utamlisha nini? Kamati ilikaa mara tatu. Mimi nilisomea dawa chuoni Iloilo, ni mtu wa sayansi, na nilipiga kura tambi zisipikwe. Tulishindwa. Iliamuliwa zipikwe jikoni na zipelekwe ukumbini kwa njia ya bustani, mbali na dharura.

Asubuhi ile bustani ilikuwa imejaa maji. Njia kavu iliyobaki ilikuwa moja. Watu wa jikoni wakatafuta mtu wa kusukuma sufuria kubwa, na mtu wa kusukuma vitu hapa tunamjua. Manong akaipakia juu ya machela, akaifunika shuka mpaka juu, akapita nayo katikati ya kitengo cha dharura anaimba.

“Manong,” Daktari Palmada akamwita bila kuinua kichwa, “mgonjwa gani huyo ananukia kitunguu saumu?”

“Wangu huyu, Dokta. Hali yake nzuri.”

“Manong! Si tambi hizo?”

“Zimefunikwa, Dokta. Hazijaona kitu.”

Haikupita hata nusu saa. Tuktuk iliyobeba watu tisa wa sherehe ya ubatizo ilipinduka kwenye shamba la mpunga. Hakuna aliyekuwa hatarini, ila wote walikuja na matope na kila mmoja alitaka kuonwa wa kwanza. Nyuma yao watoto watano wa homa ya dengi. Nyuma ya watoto, mwanamke mwenye uchungu, na nyuma yake mume wake aliyezimia kwa sababu ya uchungu wa mkewe. Sisemi ni tambi. Sisemi si tambi.

Basi mganga mkuu alitoa hotuba mbele ya paka, sisi tukala tambi bila kuzikata, na mwenye siku alikuwa chini kwenye dharura anasukuma machela. Madaktari wote waliotakiwa kutia sahihi walikuwa chini vilevile. Karatasi ya Lola ilifika dirishani kwangu saa saba na nusu, ikiwa imepitia maabara, ambako haikuwa na shughuli yoyote. Nilifunga dawa zake upesi nikampelekea mwenyewe.

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni la kanisani. Mto, feni, chupa ya chai na beseni vilikuwa vimefungwa tangu alfajiri. Pumzi ilimtoka kwa taabu lakini ulimi ulikuwa mzima.

“Twende, Lola. Kiti kiko tayari, ukasubiri gari getini.”

“Lencio kaachiwa?”

“Bado kidogo, Lola.”

“Hicho kidogo chenu mimi nakijua. Siendi.”

“Gari litakuacha.”

“Na liniache.” Akanishika mkono, vidole vyake vilikuwa baridi. “Inday, binti yangu, mimi nilitoka humu kwa mlango wa jikoni nikamwacha mwanangu ndani. Kidonda kinaniuma, mvua inapiga, sikugeuka nyuma hata mara moja. Nilidhani yupo. Mtoto kaingia humu nywele nyeusi tii. Mwangalie leo. Kila nikimuuliza kama karuhusiwa mnadhani namtania.”

Na mimi nilidhani anamtania. Miaka yote.

“Leo simwachi,” akasema. “Ama tunatoka wote, ama mnizike humu humu, na mtanijua.”

Wanawake wa vitanda vya jirani waliangua kicheko. Nilicheka na kulia, vyote kwa pamoja, na kwa kweli sikujua kipi ni cha nini.

Nilishuka kumtafuta Manong. Alikuwa mlangoni mwa chumba cha picha za mifupa na bwana mmoja wa wale wa matope, ile karatasi yake imechomoza mfukoni mwa shati, imelowa. Ilikuwa inakosa sahihi mbili, ya mganga mkuu na ya mtu wa stoo ya shuka, ambaye alikuwa bado ukumbini na sahani.

“Manong, mama hataki kuondoka bila wewe.”

“Mwambie bado kidogo.”

“Kamwambie mwenyewe.”

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa nane na nusu. Nimefanya kazi na mtu huyu miaka ishirini na sikuwahi kumwona amesimama bila kusukuma kitu. Alisimama.

“Inday Linda,” akasema, “nikienda, nani atasukuma?”

Hospitali nzima bado inajiuliza, ndiyo maana wiki hizi wagonjwa wa ghorofa ya pili wanaoruhusiwa asubuhi wanashuka wakati wa chakula cha jioni. Yule bwana wa matope ndiye aliyemwambia, “Nenda bwana, mimi nasubiri tu hapa, nimeshazoea,” na alikuwa amesubiri kwa muda wa saa tatu, na mkono wake umevunjika.

Manong akaenda. Alimsukuma mama yake kwenye kiti mpaka chini, mimi nyuma na feni na beseni, na ile shuka iliyofunika tambi amemfunikia magoti. Getini Serafin, mlinzi wetu, akanyoosha mkono kupokea karatasi. Serafin ni kijana mzuri anayeogopa ubao wake.

“Karatasi ya Lola iko sawa,” akasema. “Bantay wake nani?”

“Mimi,” Manong akasema.

“Wewe Manong ni mfanyakazi. Uko zamu mpaka kumi na moja.”

“Mimi ni bantay wake.”

“Mfanyakazi hatoki kabla ya zamu.”

“Na bantay?”

“Bantay hatakiwi kubaki mgonjwa akitoka.” Serafin akageuka kuutazama ubao, akanitazama mimi, akautazama tena. “Sasa Manong, wewe ni nani?”

Sikuwahi kusikia swali gumu kama hilo pale getini. Gari lilikuwa limeshawasha injini. Na hapo hapo tukasikia viatu vya Daktari Palmada vinakuja mbio, glavu mikononi.

“Manong! Nina watu wawili wa kupandisha juu sasa hivi!”

Mikono ya Manong ikakaza kwenye kiti. Nilimwona. Mtu huyu hakuwahi kusikia “nina mtu wa kupandisha” akabaki pale alipo. Lola alikuwa amemgeuzia mwanawe uso, anamtazama kutoka chini, na alikuwa anaogopa.

Daktari alimwona Lola. Yeye ndiye aliyeupima ule moyo. Akasimama, akavua glavu moja polepole, akahema.

“Serafin. Mgonjwa anatoka na nani?”

“Na... na bantay wake, Dokta.”

“Basi?”

Serafin akafungua geti.

Tulimpandisha Lola mbele, karibu na dereva. Manong akampangia mto mgongoni, akamwekea feni miguuni, akampiga begani. “Haya nenda,” akamwambia, na mdomo ukaishia hapo. Kisha akageuza kile kiti kitupu na kuanza kurudi nacho ndani.

Simlaumu. Tangu siku ile ya Madamu Escarilla hakuwahi kumfikisha mgonjwa pale barabarani bila kurudi ndani. Miguu ilikuwa inafanya ilichofundishwa. Alikwenda hatua kadhaa, sisi wote tumeduwaa, dereva anapiga honi, na sauti ya Lola, ile iliyobaki, ikatoka dirishani.

“Lencio! Umeruhusiwa au hujaruhusiwa?”

Akasimama katikati ya barabara na kiti chake. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe akalikosa. Nilitaka kumwambia, na sikuwa na cheo cha kumwambia, kwa kuwa mfamasia haruhusu mtu. Basi nikamwendea nikashika kiti. Hakukiachia mara moja.

“Kinavuta kushoto,” akasema.

“Nitakinyoosha.”

“Hakinyooki. Unakifuata kidogo, halafu unakirudisha.”

Akakiachia. Akapanda gari.

Nilikisukuma mimi mpaka ndani, na kweli kinavuta kushoto, kilinigonga ukutani mara mbili. Nyuma yangu nilisikia gari linaondoka. Hakuna aliyemwambia Manong neno la getini. Daktari hakusema, Serafin hakusema, mimi sikusema. Midomo ilikataa, kwa kuwa kila mmoja wetu kimoyomoyo alikuwa anataka arudi Jumatatu.

Kwa hiyo rasmi sijui nimeandika nini. Kwa vitabu vya hospitali Manong Lencio hakustaafu siku ile. Alitoka na mgonjwa wake, kwa karatasi ya mgonjwa, kama bantay mwingine yeyote. Karatasi yake ya kustaafu iko mezani kwangu ninapoandika. Mganga mkuu ametia sahihi. Mtu wa stoo amekataa, anasema kuna shuka moja haijulikani ilipo. Mimi najua ilipo na sitasema.

Dereva wa lile gari anatuletea habari. Walivuka daraja kabla ya dhoruba. Lola Rufina analala kwenye mkeka wake, anakula uji wa mchele nusu bakuli na kulalamikia chumvi. Hii ni wiki ya tano. Daktari Palmada, nilipomwambia, alisema haelewi, na nilifurahi kuona si mimi peke yangu. Dereva anasema lile swali la zamani Lola haulizi tena.

Manong Lencio, kwa niaba ya wodi zote, jikoni, maabara, stoo ya shuka wakipenda wasipende, na ndala zote zilizosimama foleni badala ya wenye miguu, asante. Tunakuombea umri mrefu kama tambi zako, ambazo nilizipigia kura mbaya, na mvua zikupitie mbali wewe na mama. Kiti chako nakisukuma mimi wakati wa chakula cha mchana. Nakifuata kidogo, halafu nakirudisha.

Na lile neno tuliloshindwa kulisema getini nimeombwa nilimalizie hapa, ingawa mkono unakataa kuliandika. Haya nenda, Manong. Tusikuone tena.